Paa la Fundi Cherehani

Picha ile ilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio ulionitia hasira kabla sijasoma neno lolote. Ilitundikwa katikati ya ukuta wa ukumbi, pana kama meza ya chakula: makinda watatu wa ndege wa nyasi, kila mmoja mdogo kuliko kidole gumba changu, midomo wazi, koo za rangi ya chungwa, jua likiwamulika hata ukaiona mishipa chini ya ngozi. Watu waliokuwa wakiingia kikaoni walisimama mbele yake wakasema, "Masikini, tazama wanavyolia njaa." Mimi nilizitazama shingo zilivyolegea. Haikuwa njaa. Kinda aliyefunuliwa juani hana jasho la kumpoza; hufungua mdomo na kutweta, akatweta hadi mwisho.

Chini ya picha paliandikwa hivi: "Kabla ya jembe. Mkulima wa Ufipa amefyeka nyasi zilizokificha kiota. Makinda hawa hawakuishi. Picha: Loth."

Kando yake ilibandikwa ramani ya mteremko ulio juu ya Kizwite, na eneo lililozungushiwa wino mwekundu. Ndani ya wino huo lilikuwamo shamba la Shangazi Tereza. Kikao cha asubuhi ile kiliitishwa ili kupitisha pendekezo la shirika moja la uhifadhi, kwamba kilimo kikome katika eneo hilo kuanzia msimu ujao, na picha ile ndiyo iliyokuwa ukurasa wa kwanza wa pendekezo. Shangazi hana shamba jingine.

Nilikijua kiota kile. Mimi ndiye niliyemwonyesha Loth.

Nilikuwa nimerudi nyumbani mwezi wa pili kwa mafunzo ya vitendo. Ninasoma mwaka wa tatu wa sayansi ya viumbe na mazingira, na kwa miezi minane nilikuwa nimeandika barua kuomba nipokelewe na mtu anayepiga picha ndege wadogo, kwa kuwa niliamini, na bado naamini, kwamba watu hawawezi kukilinda kitu ambacho hawajawahi kukitazama vizuri. Tembo anajulikana na kila mtu. Nani anamjua ndege mwenye uzito wa sarafu mbili, aimbaye juu ya nyasi zetu tangu alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe? Shirika lile lilikuwa limemwajiri Loth, mpiga picha kutoka Dar es Salaam, awapige picha ndege wa mteremko wetu. Picha zake nilikuwa nimezibandika bwenini juu ya kitanda changu. Nilipopangwa kuwa msaidizi wake, nikabeba stendi yake ya miguu mitatu na lenzi yake yenye urefu wa mkono wangu, nilijiona nimepewa dunia.

Sitasema uongo kwamba hakunifundisha. Alinifundisha kulala kifudifudi kwenye umande mpaka ndege asahau kwamba upo. Alinifundisha kumtafuta kwa sikio kwanza, jicho lifuate. Alinikataza kumwita dume kwa sauti zilizorekodiwa kwenye simu, kwa sababu dume huacha kulisha watoto akaja kupigana na adui asiyekuwapo. Siku ya kwanza alitamka sentensi ambayo niliiandika katika ukurasa wa mwanzo wa daftari langu: "Ukimbadilishia ndege maisha yake ili umpige picha, umejipiga picha wewe mwenyewe." Niliipigia mstari mara mbili.

Kiota kilikuwa katika shamba la Shangazi. Yeye ni dada wa marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilea. Shamba lilikuwa limepumzishwa miaka mitatu, nyasi zimefika kifuani, naye alikuwa akitengeneza ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo kila apitaye Ufipa wakati wa mvua huyaona yametapakaa mashambani kama vichuguu. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Unazamisha jembe chini ya mizizi, unalipindua bonge zima, nyasi chini na mizizi juu, unalipanga kwa duara juu ya mabonge mengine, kisha unalifunika kwa udongo. Nyasi huoza ndani, zikawa mbolea; maharage hupandwa juu yake. Shangazi alikuwa amebakiza robo ya shamba, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake na kopo la maji, ndege mdogo wa kahawia alipochomoka karibu na mguu wake.

"Shangazi, simama! Usipige!"

Jembe lilibaki hewani. "Nyoka?"

"Kiota."

"Debora! Umeupasua moyo wangu kwa ajili ya kiota?" Lakini aliliweka jembe chini, akainama pamoja nami.

Sijui kama nitaweza kukieleza. Ndege yule alikuwa amechukua majani mabichi, yaliyo hai, yenye mizizi yake ardhini, akayatoboa matundu madogo kwa mdomo, akapitisha nyuzi za buibui katika matundu hayo, akayavuta pamoja na kuyashona mpaka yakawa chumba. Ndani ya chumba palitandikwa sufi ya maua ya nyasi. Paa lilikuwa la kijani, linaendelea kukua. Mvua iliteleza juu yake. Mtu angeweza kupita hapo kila siku kwa mwezi mzima asione kitu.

Shangazi alitazama kwa muda mrefu. "Huyu ni fundi cherehani," alisema. "Na amenishinda mimi. Tazama mishono! Mimi hata pindo la gauni lako la kipaimara lilifumuka kanisani."

"Mbele ya askofu."

"Usinikumbushe."

Hakusubiri nimwombe. Aliacha kipande cha nyasi chenye ukubwa wa kitanda, akachomeka vijiti vinne, akafunga kila kimoja kitambaa cha kitenge kilichochakaa ili asije akajisahau. Matuta yalikizunguka kipande kile pande zote. Majirani walipomuuliza mbona ameacha pori katikati ya shamba, alijibu kwamba amepata mpangaji, anayeamka kabla ya mwenye nyumba na kumpigia kelele.

Kwa siku sita mimi na Loth tulilala nyuma ya turubai, hatua kumi na tano kutoka hapo. Makinda walikuwa wameanguliwa, tuliwasikia. Mama aliingia kwa chini, kati ya mashina, akatoka kwa upande mwingine. Kamera haikupata chochote ila kijani kinachotikisika.

"Debora," Loth alisema siku ya sita, akizipitia picha kwenye kioo cha kamera, "nina picha mia nne za majani."

"Ndivyo anavyoishi."

"Ndivyo anavyoishi, sikatai. Lakini nani atalia kwa ajili ya majani?"

Nilicheka. Kila nikikumbuka habari hii, hapo ndipo ninapotaka kujipiga kofi.

Kesho yake aliniambia nimechoka, nishuke mjini siku mbili, nikachaji betri zote na kuzipanga picha kwenye kompyuta. Siku hizo hizo Shangazi alikuwa msibani kwa ndugu wa marehemu mume wake. Niliporudi asubuhi ya tatu, mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku kucha. Turubai halikuwapo. Loth alikuwa ameondoka kwenda Kabwe kupiga picha ndege wa ziwani. Vijiti vinne vyenye vitambaa vilikuwa vimesimama kuzunguka kipande ambacho upande wake mmoja, ule uliotazama mahali tulipokuwa tukilala, ulikuwa umebaki mfupi. Majani yaliyoshonwa yalikuwa yameanza kukauka na paa lilikuwa limefunguka. Makinda wawili walikuwa wamekufa chini ya kiota, wameloa. Wa tatu sikumwona.

Nilimpigia Loth simu, haikupatikana. Jioni ukaja ujumbe wake: "Nilikuta majani yameliwa. Nadhani ni ng'ombe. Pole sana, mdogo wangu."

Nilimwamini. Mimi, mwanafunzi wa sayansi, niliyefundishwa kuangalia kabla ya kusema, sikuchutama hata kuzitazama ncha za majani yale. Nilichukua jembe la Shangazi nikakipindua kile kipande chote, kwa hasira, nikakifukia ndani ya ntumba pamoja na wale makinda wawili, ili Shangazi akirudi asikione. Ushahidi wote niliuzika kwa mikono yangu. Kisha nikateremka hadi kwa Mzee Shigela.

Shigela ni mfugaji aliyekuja na familia yake kutoka upande wa Shinyanga miaka mingi iliyopita; boma lake liko chini ya mteremko, karibu na kijito. Nilimkuta uani na mkewe, Mboje, wakikamua.

"Mzee Shigela, ng'ombe wako wameingia shambani kwa Shangazi."

"Marahaba," alinijibu, ingawa sikuwa nimemwamkia.

Mboje aliinama kuficha tabasamu. Nikazidi kuwaka.

"Wamekula nyasi tulizoziacha kwa makusudi. Wameua makinda wa ndege."

"Ng'ombe wameua ndege?" Mboje aliuliza, na sasa alicheka waziwazi. "Baba Limi, ni yupi huyo? Tumfunge kamba."

Nami nikasema jambo ambalo sikuwahi kudhani kwamba limo ndani yangu. Nikasema, "Nyinyi mliimaliza nchi yenu kwa mifugo, sasa mmekuja kuimaliza na ya kwetu."

Mboje aliacha kucheka. Aliinua ndoo ya maziwa akaingia ndani bila kunitazama. Shigela aliendelea kusimama palepale, mkono mgongoni mwa ng'ombe.

"Uliona kwato?" aliniuliza.

"Nini?"

"Ng'ombe ana miguu minne, binti. Akipita penye udongo wa mvua, anaandika jina lake. Uliliona jina la nani?"

Niligeuka nikaondoka. Kuanzia siku ile hakupita tena karibu na shamba letu. Aliwazungusha ng'ombe njia ndefu ya bondeni. Shangazi aliniuliza mara mbili kwa nini jirani haji tena kuamkia. Mara zote mbili nilisema sijui.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu nilipokuwa nimesimama mbele ya ukuta ule mwezi wa sita, baridi ya kipupwe ikiingia kwa madirisha ya ukumbi, na Loth akaja nyuma yangu amevaa ile fulana yake yenye mifuko kumi na miwili.

"Mwanasayansi wangu!" alisema. "Umeiona? Ndiyo tuliyoitafuta."

"Ulisema ni ng'ombe."

"Nilisema nini?"

Nilitoa simu, nikamwekea ujumbe wake mbele ya macho. "Mwezi wa pili ulisema ng'ombe. Leo ukuta unasema jembe. Na hawa hapa wako hai, Kaka Loth. Ulikutaje majani yameliwa wakati uliwapiga picha wakiwa hai?"

Alitazama kushoto na kulia, akanishika kiwiko, akanivuta hadi pembeni penye viti vilivyopangwa juu ya vingine.

"Punguza sauti. Yale maelezo sikuyaandika mimi. Ofisi waliniuliza kiota kilikuwa wapi, nikasema shambani. Wao wakamalizia."

"Ukawaacha wamalizie."

"Debora, tumia akili uliyopewa chuoni. Picha hii ikipitisha lile pendekezo, mteremko mzima unapona. Ndege maelfu. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba watu hawalindi wasichokiona. Sasa wanaona. Makinda watatu..."

"Nani aliyezikata zile nyasi?"

"Ingekuwa wewe ungeacha tu, urudi chuoni na majani mia nne?" Alivuta pumzi, akabadilisha sauti ikawa ya yule mwalimu wa siku za umande. "Mdogo wangu. Barua yako ya mapendekezo nimeiandika, iko kwenye begi. Ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Kaa chini, sikiliza kikao, tuongee mchana."

Nilikuwa na hasira mpaka meno yaliniuma. Kwa miezi minne nilikuwa nimelibeba daftari lenye maneno yake kama mtu anayebeba kitabu cha sala. Lakini kilichonikaba zaidi ni kwamba sikuwa na kitu mkononi. Kipande cha nyasi nilikifukia mwenyewe. Picha nilizokuwa nimepiga kwa simu siku za mwanzo zilionyesha nyasi ndefu, nayo yake ilionyesha nyasi fupi, na yeyote angeweza kusema kwamba kati ya picha hizo mbili alipita mkulima. Neno langu lingekuwa neno la mwanafunzi dhidi ya mtu mwenye picha kubwa ukutani.

Mratibu wa kikao, Bibi Hellena, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aligonga meza. Wakulima walikuwa wameketi nyuma, wanawake upande mmoja na makoti yao mazito, wanaume upande mwingine, na wafugaji wachache karibu na mlango; miongoni mwao nilimwona Shigela, akanitazama kama mtu anavyotazama ukuta. Bibi Hellena alisoma pendekezo. Aliposoma maneno "wakulima wamekuwa wakifyeka makazi ya ndege, kama picha inavyoshuhudia," nilijikuta nimesimama.

"Picha hiyo ni ya uongo."

"Dada, utapewa nafasi baada ya..."

"Shamba hilo ni la Shangazi yangu. Yuko hapa. Mnamwita mharibifu akiwa ameketi humu ndani, na hajaitazama picha kwa karibu. Naomba aitazame."

Minong'ono ilipita ukumbini. Loth alikunja mikono, akatabasamu kwa upole, tabasamu la mtu anayemvumilia mtoto. Bibi Hellena alisita, kisha akasema, "Mama, karibu mbele."

Shangazi alikuja taratibu, akifunga kanga vizuri juu ya sweta. Nilijua amekasirika kwa kuitwa mbele za watu, na amenikasirikia mimi. Aliitazama picha kwanza kwa mbali. Macho yake yaliwapita makinda haraka, kama mtu anayepita karibu na jeneza. Akasogea. Akainama kwenye kona ya chini, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa ametazama asubuhi yote, penye mashina mafupi yaliyo mbele ya kiota.

"Huyu ni mpangaji wangu," alisema.

Wanawake wa nyuma walicheka kidogo. Kisa cha mpangaji walikijua.

"Mama anasema nini?" aliuliza Bibi Hellena.

"Nasema ni kiota nilichokiacha mimi. Kitenge changu hiki hapa, kwa nyuma, kwenye kijiti." Aliweka kidole juu ya ukungu wa rangi nyekundu na njano ambao mimi mwenyewe nilidhani ni maua. "Sasa nisomeeni tena. Hapo chini mmeandika nimefanya nini?"

"Umefyeka nyasi," alisema Bibi Hellena, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Nimefyeka." Shangazi alinyooka, akawageukia waliokaa nyuma. "Jamani, kuna mtu humu anafyeka nyasi za kutengenezea ntumba?"

Ukumbi uliangua kicheko, kikubwa, cha ghafla. Mzee mmoja, Felisian, anayelima juu ya shamba letu, alijibu bila kusimama: "Ukifyeka, ndani ya tuta utafukia nini? Hewa?"

"Mtoto wa darasa la pili anajua," alisema mwanamke mwingine.

"Sisi tunapindua," Shangazi alimwambia Bibi Hellena, naye aliigiza kwa mikono, jembe likiingia chini, bonge likigeuka. "Jembe likipita hapa, huoni shina limesimama. Unaona mizizi. Hapa mashina yamesimama yote, urefu mmoja, kama kichwa kilichopita kwa kinyozi. Na ncha zimekatwa mshazari, zote upande mmoja. Njoo, mama, weka miwani. Huo ni mkasi. Na maji bado yanatoka kwenye ncha, yanang'aa. Jani likikatwa asubuhi, saa sita limeshakauka mdomo. Aliyekata alikata, akapiga picha papo hapo."

Bibi Hellena aliweka miwani. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kutoka karibu na mlango ilisikika sauti ya Shigela. "Na kwato je, mama? Naomba uniangalizie. Zipo?"

Shangazi hakuelewa kwa nini anauliza, lakini aliangalia. "Hakuna kwato, jirani."

"Ahsante," alisema Shigela. Hakunitazama, na hakuhitaji kunitazama.

"Bwana Loth," Bibi Hellena aliuliza, "nani alikata nyasi hizi?"

Loth alicheka kidogo, akapangusa lenzi ambayo haikuwa na vumbi. "Wataalamu wote husafisha kidogo mbele ya kiota. Kidogo tu, ili mwanga uingie. Nilikusudia kuyarudisha majani, kuyafunga kwa uzi. Mvua ikanikuta."

"Kusafisha," Shangazi alirudia. "Uliing'oa nyumba paa ukaita kusafisha."

"Mama, lengo lilikuwa kuwasaidia hao ndege."

"Na mimi je, ulipokaa kimya shamba langu likitiwa wino, ulikuwa unamsaidia nani?"

Loth aliirudisha lenzi ndani ya begi, akafunga zipu. Nilingoja nione fahari, haikuja. Nilikuwa na hasira ileile, imeongezeka, kwa sababu alikuwa ameniharibia hata kazi ninayoipenda. Mteremko ule kweli unahitaji ulinzi. Ndege wa nyasi kweli wanapungua. Sasa nani katika ukumbi ule angeamini picha ya ndege tena?

Bibi Hellena alifunga faili. Alitangaza kwamba pendekezo limeondolewa, na kwamba likirudi litarudi baada ya watu wa shirika kutembea mashambani pamoja na wenye mashamba, msimu wa ntumba, wakiwa na madaftari badala ya wino mwekundu. Kisha akamwambia msaidizi wake aiteremshe picha.

"Hapana," nilisema. "Iacheni."

"Ya nini tena, dada?"

"Watu wengi wamesoma uongo wake asubuhi hii. Wanaotoka wasome ukweli."

"Picha ni mali yangu," alisema Loth.

"Ukuta ni wetu," alijibu Bibi Hellena, akanipa kalamu nene ya wino.

Nilikata karatasi nyeupe, nikaibandika juu ya maelezo ya awali, nikaandika kwa herufi kubwa: "Nyasi hizi zilikatwa kwa mkasi na mpiga picha. Mkulima alikuwa amezihifadhi. Makinda hawa hawalii njaa. Wanakufa kwa jua." Nilisimama hapo. Ilikuwa kweli tupu, na haikuwa kweli yote. Nikaongeza: "Aliyemwonyesha kiota ni mimi, Debora."

Loth alipita nyuma yangu, begi begani. Hakutoa barua yoyote, nami sikunyoosha mkono.

Watu walianza kutoka. Baadhi walisimama kusoma, wengine walimpa Shangazi mkono. Shigela alikuja wa mwisho, akavua kofia, akasoma polepole, midomo ikifuata maneno. Alipomaliza alirudi juu akasoma tena.

"Shikamoo, Mzee Shigela," nilisema.

"Marahaba." Safari hii alingoja kidogo kabla ya kuitikia. "Umeandika vizuri. Mistari imenyooka. Lakini ng'ombe wangu siwaoni humu."

Shangazi alinigeukia. "Ng'ombe gani?"

Mbele yake, mbele ya Bibi Hellena, mbele ya wale waliobaki mlangoni, nikaifungua kalamu tena. Niliandika: "Ng'ombe wa Mzee Shigela hawakuhusika. Nilimsingizia yeye na watu wake bila kuangalia."

Alisoma na hayo. Alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa.

"Mboje hakuwapo hapa," alisema, akivaa kofia yake. "Na maneno yale yeye ndiye aliyeyabeba ndani. Karatasi hiyo ukimaliza nayo, ibandue uje nayo. Utamsomea mwenyewe, uani palepale ulipokuwa umesimama. Kesho asubuhi, kabla hatujawafungua ng'ombe."

"Nitakuja."

"Na usome kwa sauti," alisema. "Siku ile ulisikika mpaka kijitoni."